Uzi: Mlango wa nyuma wa pikapu unabeba kilo ngapi? Wangu umekatika waya nikipanda Kibosho

Mfugaji wa Kibosho

Wakuu, salaam. Nipo Moshi, nafuga ng'ombe wanne wa maziwa huku Kibosho, na kama wafugaji wengi wa mlimani malisho nayafuata tambarare. Mahindi yakishavunwa nashuka Chekereni au Kahe, nanunua mabua shambani, napakia kwenye Hilux dabo kebini na kupanda nayo nyumbani. Hii kazi nimeifanya miaka sita na gari hili hili. Wiki iliyopita yamenikuta makubwa, na nimeona nisikae nayo peke yangu.

Siku hiyo mabua yalijaa bodi nzima yakapita kimo cha kebini. Nikabaki na madumu sita ya lita 20 ya molasi niliyoyapitia njiani, na gunia moja la pumba. Nikafanya nilivyozoea. Nikaulaza mlango wa nyuma, nikayapanga madumu juu yake, gunia nikaliegemeza upande wa kushoto, nikazungusha kamba ya manila, na kijana wangu wa kazi akakaa pale pale ukingoni kuyashikilia.

Mjini tulipita salama. Tulipoanza kupanda, kwenye tuta la pili, nikasikia mlio kama wa fimbo kavu inayovunjwa. Waya wa kushoto, ule unaoushikilia mlango ukilala, ulikuwa umekatika. Mlango ukainamia upande mmoja, bawaba ya kushoto ikang'oka, kijana akadondoka na madumu yakamfuata. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari nyuma yetu. Kulikuwa na bodaboda moja tu, na ilikuwa mbali. Kijana aliteguka kifundo cha mguu na kuchubuka kiwiko. Angeweza kufa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimepiga hesabu: madumu sita kwa kilo 20 ni 120, gunia kama 60, kijana 65. Jumla 245. Gari linasemwa ni la tani moja. Sasa naomba wenye ujuzi mnisaidie. Huu mlango una kipimo chake? Nibadilishe waya tu au niweke mnyororo mzito? Na bati la ndani limejaa mabonde na kutu imeanza kwenye mshono wa chini, nilitengeneze vipi lidumu?

Kijana wa Pasua

Pole sana kaka, na mpe pole huyo mwenzetu. Ila mimi nadhani tatizo ni waya wa zamani tu. Hilux ni chuma. Mimi kila siku napandisha bodaboda mbovu kwenda gereji, mlango umelala, ubao umeegemea pale pale, na haijawahi kutokea kitu. Weka mnyororo wa kufungia ng'ombe, ule mnene, umemaliza.

Halafu mlango ukiwa umelala upepo unapita vizuri na gari linakula mafuta kidogo, kwa hiyo mimi naulaza hata nikiwa tupu.

Fundi Bodi, Unga Limited

Mfugaji pole. Nimekaa kwenye mabodi ya pikapu muda mrefu hapa Arusha, ngoja nieleze tunachokiona tukiufungua huo mlango.

Mlango wa nyuma ni mabati mawili membamba, la ndani na la nje, yameunganishwa pembeni na katikati pana uwazi wa kitasa na vyuma vyake. Umesimamia sehemu nne tu: bawaba mbili chini na nyaya mbili pembeni. Sakafu ya bodi chini yake ina mataruma yanayokwenda hadi kwenye chesisi. Chini ya mlango uliolala hakuna kitu, ni hewa. Kwa hiyo ile "tani moja" inayosemwa ni ya sakafu. Mlango haumo kwenye hiyo tani.

Waya wako sina haja ya kuuona. Hizi nyaya ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, juu zimevishwa plastiki. Plastiki ikipasuka, hasa pale mwisho karibu na bolti, maji ya masika yanaingia na hayatoki. Nje unaona plastiki safi, ndani nyuzi zinaoza moja moja. Siku nyuzi zilizobaki zikishindwa, zinakatika zote kwa mkupuo, na ndio huo mlio wa fimbo uliousikia. Leo hii ukunje ule wa kulia kwa mkono. Ukihisi unakwaruza ndani kama mchanga, au unakunjika mahali pamoja na kubaki umekunjika, toa na huo.

Kijana wa Pasua, mnyororo usimshauri hivyo mdogo wangu. Ukiweka mnyororo mnene hujaongeza nguvu ya mlango, umehamisha tu sehemu ya kuvunjika. Mnyororo hautakatika, sawa. Lakini bolti inayoushika imeingia kwenye nati iliyochomelewa nyuma ya bati la ubavu wa bodi. Safari ijayo itang'oka bolti na kipande cha bati, au bawaba itapasuka, na hiyo kazi ni kubwa kuliko kubadilisha waya. Nyaya zile zimepimwa zilingane na vitu vingine vyote vya ule mlango. Weka mpya za gari lako, mbili kwa pamoja, na bolti zake zile zenye shingo zinazoacha waya uzunguke. Ukikaza bolti ya kawaida hadi waya ukabanwa, kila ukifungua mlango unaukunja pale pale shingoni.

Suala la kutu na mabonde nitalirudia jioni, nina gari juu ya mawe hapa.

Mwalimu Mstaafu, Njiro

Nimefundisha fizikia sekondari, naomba niingie kwenye hesabu maana Mfugaji ameanza na hesabu na zina kasoro mbili.

Ya kwanza ni molasi. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini molasi ni nzito kuliko maji, lita moja ni karibu kilo 1.4. Dumu la lita 20 si kilo 20, ni kilo 28. Sita ni 168. Ukijumlisha gunia na kijana unapata 293, na bado kuna uzito wa mlango wenyewe.

Ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo ni mahali uzito ulipokaa. Mlango uliolala ni wenzo. Egemeo lake ni bawaba, na waya ndio unaouzuia usianguke. Tuchukue mfano: mlango wa sentimita 50 kutoka bawabani hadi ukingoni, waya umeshikwa sentimita 35 kutoka bawabani na unapanda kwa nyuzi 45. Kwa kuwa waya unavuta kwa mshazari, nguvu yake ya kuinua inafanya kazi kama vile imeshikwa sentimita 25 tu kutoka bawabani.

Madumu na gunia, kilo 228, tuseme yalikuwa katikati ya mlango, sentimita 25. Kijana alikaa ukingoni, sentimita 50. Kwa waya, kilo 65 za ukingoni ni sawa na kilo 130 za katikati. Kwa hiyo nyaya mbili zilikuwa zinavuta 228 jumlisha 130, karibu kilo 360, yaani 180 kila waya gari likiwa limesimama. Na gunia liliegemea kushoto, basi wa kushoto ulibeba zaidi. Sasa panda tuta. Gari likirushwa na kushuka, mzigo unaweza kukandamiza mara mbili ya uzito wake au zaidi kwa sekunde moja. Waya uliooza nusu ulikuwa umeombwa ushike kilo 360 na kupita.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza. Hilux dabo kebini za miaka hii zina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Katikati ya mlango uliolala ni kama mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zile kilo 293 zilipokaa pale hazikushuka tu kwenye tairi za nyuma. Ziliinua pua ya gari: 293 mara 1.4 gawanya kwa 3.085, tairi za mbele zimepunguziwa karibu kilo 133, na ekseli ya nyuma imeongezewa karibu 426. Yaani ekseli inabeba kuliko ulichopakia. Ukianza kupanda mlima uzito unazidi kurudi nyuma. Usukani ulikuwa mwepesi siku hiyo?

Mfugaji wa Kibosho

Shikamoo mwalimu. Usukani ulikuwa mwepesi kweli, na taa za mbele usiku huwa zinapiga kwenye migomba badala ya barabarani. Miaka yote nimekuwa nikidhani ni springi za nyuma zimechoka, nikawa najiandaa kuongeza jani.

Mwalimu Mstaafu, Njiro

Marahaba. Usiongeze jani kabla hujabadilisha upakiaji. Springi ngumu itainua nyuma, gari litaonekana limenyooka, lakini tairi, breki, ekseli na chesisi ni zile zile.

Mama Maziwa, Tengeru

Poleni sana kaka, na huyo kijana Mungu amponye haraka. Mimi nakusanya maziwa, kila alfajiri napakia makopo ya lita 50. Kopo moja likijaa ni karibu kilo 60 na chombo chake, na yote yanapita juu ya mlango wa nyuma kwa kuburuzwa. Mwaka wa kwanza bati la mlango lilikatika rangi kama limelambwa na msasa, mwaka wa pili likaanza kutoboka.

Nilichofanya: nilinunua kipande cha mkanda mzito wa mpira, ile mikanda mikubwa ya mashine za kusafirishia mawe, nikaukata upana wa mlango. Sikuugundisha. Naulaza wakati wa kupakia, nikimaliza nautoa na kuuning'iniza ukauke. Jirani yangu aliugundisha moja kwa moja, maji yakakaa chini yake na mlango ukaoza ukiwa umefunikwa.

Na jambo jingine: watoto wa shule wakiniona asubuhi wanapenda kurukia wakae mlangoni nikiwa naenda polepole. Nawakataza na wazazi wao wananiona mkali. Hesabu ya mwalimu nitawasomea.

Dereva wa Minada

Mimi nabeba mifugo, Meserani hadi Arusha, na wakati mwingine nafika Weruweru. Kuna kitu watu hawakiwazii: kwato. Ndama wa kilo 150 akikanyaga mlango uliolala, uzito wote kwa muda unakaa kwenye kwato mbili, eneo dogo kuliko kiganja. Bati lile la ndani linabonyea palepale. Na ng'ombe hapandi polepole, anaruka. Nimeona mlango unakunjwa kama karatasi mnadani, na mwenye gari akabaki anabishana na mwenye ng'ombe nani alipe.

Sisi wazoefu hatupandishi kupitia mlangoni. Unatafuta ukingo wa udongo, unarudisha gari nyuma mpaka sakafu ya bodi ilingane na ukingo, mlango umeushusha kabisa au umeutoa. Kwenye pikapu nyingi mlango unatoka: unalegeza nyaya, unauinua nusu, upande mmoja wa bawaba unachomoka, unautelezesha nje. Watu wawili, dakika mbili.

Na bodaboda ni hivyo hivyo, Kijana wa Pasua. Pikipiki ya kilo 120 unayoisukuma juu ya ubao, ubao ukiwa umeegemea ukingo wa mlango, gurudumu la nyuma linapofika ukingoni sehemu kubwa ya uzito iko pale, na wewe mwenyewe mara nyingi umeshapanda mlangoni kuivuta. Toa mlango, ubao uegemee kwenye mdomo wa sakafu. Ukishindwa kuutoa, weka gogo au tofali kadhaa chini ya mlango, ukingo upate kitu cha kukalia. Hapo nyaya zinapumzika.

Kijana wa Pasua

Nimewasikia wakubwa. Gogo nitalitumia, kesho hiyo hiyo. Ila la mafuta bado nalishikilia.

Nipo Ughaibuni, mtoto wa Machame

La mafuta lilishapimwa huku Marekani, mdogo wangu. Mlango ukiwa umefungwa, hewa inayoingia kwenye bodi inazunguka mle ndani na kufanya kama mto, upepo wa juu unateleza juu yake na kupita. Ukiulaza mlango unauharibu huo mto. Faida ya mafuta unayoitegemea haipo.

Nimeingia kwa ajili ya zile nyaya. Fundi wa Unga Limited amesema kitu ambacho huku kilitikisa kampuni nzima. Machi 2004 General Motors iliyaita pikapu zake karibu milioni nne zirudishwe kurekebishwa kwa sababu hiyo hiyo: unyevu uliingia ndani ya plastiki ya nyaya za mlango, chuma kikaoza, zikawa zinakatika watu wakiwa wamesimama au wamekaa juu ya mlango. Walioumia waliripotiwa zaidi ya mia moja. Yale yalikuwa magari ya miaka michache tu, hayakuwa makuukuu. Sasa hesabu umri wa gari lako.

Na kuhusu vipimo, GMC Sierra ina mlango wa kisasa unaokunjika na kuwa ngazi. Ngazi hiyo imeandikiwa kilo 170, mtu mmoja na mzigo wake mikononi. Sierra ni gari kubwa kuliko Hilux. Ukiona watengenezaji wa gari kubwa namna hiyo wanataja kilo 170 kwa kitu walichokibuni makusudi kikanyagwe, utajua mlango wa kawaida unaukanyagia wapi.

Mwalimu Mstaafu, Njiro

Asante kwa hilo. Naongeza kuhusu kipimo cha gari zima, maana "gari la tani moja" ni neno la mtaani. Tazama kibati cha gari na kitabu chake, kuna uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo, na humo wamo abiria, ngao ya mbele uliyoongeza, tairi la pili la akiba na kila kitu. Tuseme kinabaki kilo 900. Watu wanne wa kilo 70 ni 280. Umebaki na 620, ambayo ni mifuko 12 ya saruji. Watu wanapakia 20 na bado wanaketi wanne ndani.

Mchanga ndio unaodanganya kuliko vyote. Bodi ya dabo kebini ni kama mita moja ya ujazo ukiijaza hadi mdomoni. Mita moja ya mchanga mkavu ni karibu tani 1.6, ukinyeshewa unazidi. Nusu bodi ya mchanga, inayoonekana kama gari liko tupu, tayari ni kilo 800.

Na dabo kebini ina udhaifu wake: kebini imechukua nafasi, bodi imesogezwa nyuma. Sakafu ile ya mita moja na nusu sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli. Ndiyo maana mnaziona zimepinda chesisi pale kebini inapoachana na bodi. Siyo kwamba chuma ni kibovu.

Mizani ya barabarani haitakusaidia kujua, sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaangalia magari yanayozidi kilo 3,500. Pikapu yako itapita pembeni hata ikiwa imelemewa.

Fundi Bodi, Unga Limited

Nimerudi. Kutu na mabonde.

Ukipiga mlango kutoka ndani kuunyoosha bila kuufungua unaharibu bati la nje. Mlango wa Hilux una kifuniko upande wa ndani kinachofunguka kwa bolti ndogo, fungua, utapata nafasi ya kuingiza mkono na kipande cha mti ukasukuma bonde taratibu. Mabonde madogo ningeyaacha. Hayana madhara.

Kutu ndiyo ya kuhangaika nayo. Chini kabisa mwa mlango, kwenye mshono, kuna matundu madogo ya kutolea maji. Kwenye magari yanayobeba mabua, pumba na udongo yale matundu huwa yamezibwa kabisa. Vumbi letu la huku likilowa linakuwa kama ugali. Chukua waya mwembamba uyazibue, mwaga maji ndani uone yanatoka chini. Yasipotoka umepata mchawi wako. Yakishatoka acha mlango wazi juani siku nzima, kisha kwangua kutu hadi chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu, juu yake rangi ya gari, na ndani puliza grisi nyepesi au nta ile ya kupulizia. Oili chafu watu wanaipenda kwa sababu ni ya bure, lakini inakula mipira ya pembeni na inashika vumbi.

Mfugaji, wewe unabeba molasi. Molasi inanata, ina tindikali, inashika unyevu na haiondoki kwa maji baridi. Ikimwagika ioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya vuguvugu, ifuate mpaka kwenye bawaba. Mbolea za chumvichumvi nazo ni adui mkubwa, punje chache zikikaa kwenye mshono wakati wa masika, mwezi mmoja unatosha.

Kwa kukinga bati lenyewe, ninachopenda ni plaiwudi ya milimita 18 iliyokatwa saizi ya mlango, chini yake vipande vya tyubu ya tairi, na ukingo wa nje nauvalisha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Plaiwudi inagawa uzito wa kwato au gurudumu kwenye bati zima. Usiitoboe kwa skrubu nyingi kupita kwenye bati, kila tundu ni mlango wa maji. Na ifahamike vizuri, plaiwudi inalinda bati. Nyaya haizisaidii kitu, inaziongezea uzito wake.

La mwisho kwa Dereva wa Minada: umeeleza mlango unavyotoka dakika mbili. Wezi wanajua pia. Chukua klampu ya hozi ya rejeta, izungushe kwenye ile bawaba inayochomoka na uikaze, kichwa cha skrubu kikae ndani. Mlango hautoki bila bisibisi na mlango uliofunguliwa, na kitasa ukifunge kwa ufunguo. Hata kwa rafu barabarani inasaidia, zile bushi za plastiki zikiisha mlango unaweza kuruka wenyewe.

Mfugaji wa Kibosho

Wakuu, nimekaa kimya siku tano kwa sababu nilitaka kurudi na vitu nilivyovigusa mwenyewe.

Waya wa kulia niliukunja. Unakwaruza. Nikaupasua plastiki kwa kisu, ndani ni unga mwekundu, nyuzi nzima nimehesabu saba. Ule ndio uliobaki umeshika mlango baada ya wa kushoto kukatika.

Dumu la molasi nimelipeleka kwenye mizani ya kahawa hapa chama cha msingi. Kilo 28 na robo tatu pamoja na dumu. Gunia la pumba nililodhani 60 limesoma 71. Karani wa mizani akaniuliza nimekuwa nikibeba mangapi, nikamwambia, akaita wenzake waje wasikie.

Mlango: matundu ya chini yote manne yalikuwa yamezibwa. Yalipozibuka yalitoka maji meusi yenye harufu ya silo. Nimekwangua, nimepaka rangi ya kuzuia kutu, bawaba ya kushoto imechomelewa upya na fundi wa hapa chini, nyaya nimepata mbili mpya na bolti zake zenye shingo. Nimezikaza nikajaribu, zinazunguka. Klampu ya hozi nimeiweka.

Upakiaji nimeubadilisha. Jana nimeshuka Chekereni tena. Molasi na pumba zimeingia kwanza, zimekaa sakafuni zimeegemea ukuta wa kebini, nimezifunga kwa mkanda wenye racheti kwenye vile vishikio vya sakafuni. Mabua yamekuja juu yake. Mlango umefungwa, haujalala. Mabua yaliyobaki nimeyaacha shambani, nimekubaliana na wafugaji wawili wa jirani tukodi Kanta moja Jumamosi tuyapandishe yote kwa pamoja, kwa kila mmoja inakuja bei nafuu kuliko safari zangu mbili.

Mwalimu, usukani umerudi mzito. Taa zinapiga barabarani.

Swali moja limebaki. Mbao ndefu za futi 14 nazo nabeba mara moja moja. Hapo mlango lazima ulale?

Dereva wa Minada

Ukilala sawa, ila mbao zibebwe na sakafu, mlango uzipitishe tu. Weka kipande cha boriti sakafuni karibu na mdomo wa bodi, mbao zikae juu yake, zipite juu ya mlango bila kuugusa. Mbele zifunge chini kabisa zisinyanyuke. Kitambaa chekundu mwisho, usiku taa nyekundu. Na angalia mlango uliolala usifiche namba ya gari wala taa zako.

Mama Maziwa, Tengeru

Kaka, hongera kwa kazi. Kijana anaendeleaje? Na ule mkanda wa mpira kama unautaka, nina kipande kimebaki kama mita moja na nusu, upana unakutosha. Nipo Tengeru sokoni kila Jumatano hadi saa nne asubuhi.

Mfugaji wa Kibosho

Dada asante sana. Amerudi kazini juzi, bado anachechemea kidogo, na nimemkatalia kunyanyua magunia mpaka mwezi uishe. Jana alikaa mbele kwenye kebini safari nzima. Jumatano nakuja Tengeru kuuchukua mkanda, nitakuletea ndizi za Kibosho.